Nusu Peni ya Bradford

Msomaji wangu, bila shaka umepata kusimama juu ya mizani ya zahanati, muuguzi akaandika uzito wako katika kitabu, nawe ukashuka bila kuuliza zile tarakimu zitamfaa nani. Nataka nikueleze habari za watoto 40 waliopimwa uzito kila juma katika mji wa Bradford, huko kaskazini ya Uingereza, mwaka 1907. Watoto hao hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa wamefanya jambo lolote la ajabu. Walikuwa maskini tu. Lakini katika kitabu cha uzito wao liliandikwa jibu la kwanza la swali linaloulizwa mpaka leo: fedha za ziada zikitolewa shuleni kwa ajili ya mtoto maskini, je, humfikia?

Ili uone ugeni wa swali hilo, yafaa kwanza ufahamu jinsi fedha za shule zilivyogawanywa zamani. Mwaka 1862, kwa shauri la Bwana Robert Lowe, Serikali ya Uingereza iliweka kanuni iliyojulikana kwa jina la malipo kwa matokeo. Mtoto aliyehudhuria vema aliiletea shule yake shilingi 4 kwa mwaka, na shilingi 8 zaidi kama alifaulu mbele ya mkaguzi. Akishindwa kusoma, shule ilikatwa shilingi 2 na peni 8. Akishindwa kuandika, ilikatwa kiasi hicho tena. Na hesabu vivyo hivyo. Sasa fikiri mwenyewe. Mtoto aliyekula na kulala vema alifaulu, na shule yake ikazidi kupata. Mtoto aliyekuja na njaa, mwenye kusinzia juu ya kibao chake cha kuandikia, alishindwa, na shule yake ikapungukiwa. Basi fedha ilimkimbia yule aliyeihitaji zaidi, kama maji yateremkavyo bondeni na kuacha kilima kikavu. Kanuni hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30, na walimu wengi waliichukia, kwa maana ndio waliokuwa wakimtazama mtoto usoni huku wakijua kwamba ujinga wake una bei.

Bradford ulikuwa mji wa sufu. Manyoya ya kondoo yalifika huko kutoka pande nyingi za dunia, yakachanwa, yakasokotwa na kufumwa katika viwanda vyenye mabomba marefu ya moshi, na wenye viwanda wakajenga majumba ya fahari. Nyuma ya majumba hayo ndiko walikokaa wafanya kazi, katika nyumba zilizobanana, zisizo na maji ya kutosha. Watoto wao nao walikwenda kazini. Hata mwanzoni mwa karne ya ishirini sheria ilimruhusu mtoto wa miaka 12 kufanya kazi kiwandani nusu ya siku na kukaa darasani nusu ya pili, desturi ambayo haikupigwa marufuku mpaka ilipotungwa sheria ya elimu ya mwaka 1918. Mwalimu aliyepangiwa kuwafundisha watoto hao wakati wa alasiri alikuwa na kazi ngumu, maana walikuwa wamesimama mbele ya mashine tangu alfajiri.

Mwaka 1893 alihamia mji huo mwanamke mmoja aliyeitwa Margaret McMillan, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mjumbe wa Halmashauri ya Shule. Hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Pamoja na daktari wa shule, James Kerr, aliwatazama watoto wenyewe: meno yao, ngozi zao, macho yao na nguo zao. Daktari Kerr aliwakagua watoto 300, akakuta kwamba zaidi ya 100 kati yao hawakuwa wamevua nguo zao kwa muda wa miezi sita. Usiwacheke, msomaji. Nchi ile ina baridi kali, na nyumba isiyo na moto wala maji ya moto si mahali pa kumvulia mtoto nguo. Bibi McMillan hakuwalaumu wazazi. Alidai shule ijenge mahali pa kuogea, na mwaka 1897 shule ya Wapping, katika mtaa wa maskini wa mji huo, ikapata bafu zake, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika shule za Uingereza.

Lakini maji humtakasa mtoto tu, hayamshibishi. Chama cha hisani cha mjini kilikuwa kikiwagawia watoto chakula tangu mwaka 1890, na watu wema walitoa fedha zao. Walakini fedha ya hisani huja mtoaji akipenda, na mtoto huona njaa kila siku. Ndipo diwani mmoja wa Bradford, Bwana Fred Jowett, alipoanza kusema waziwazi kwamba kama sheria yamlazimisha mtoto kuja shuleni, basi sheria hiyo hiyo haina budi kuhakikisha kwamba mtoto huyo aweza kujifunza anapofika. Kumfundisha mwenye njaa, kwa maoni yake, kulikuwa ni kuharibu fedha ya mlipa kodi.

Mabishano yalikuwa makali, na si haki nikueleze upande mmoja tu. Waliopinga hawakuwa wote watu wenye roho mbaya. Walisema kwamba baba akijua mwanawe atalishwa na mji, ataacha kujitahidi, na mshahara wake utakwenda kwenye kilabu cha pombe; na kwamba nyumba ambayo watoto wake wanakula pengine si nyumba tena. Ni hoja ambayo utaisikia hata leo, mahali pengi, na kwa lugha nyingi. Bwana Jowett na wenzake walijibu kwamba hata kama baba ni mvivu, haifai mtoto afe njaa kwa kosa la baba.

Tena sitaki kukuficha jambo jingine. Lililosukuma Bunge halikuwa huruma peke yake. Wakati wa vita vya Afrika ya Kusini, vya mwaka 1899 hadi 1902, vijana wengi wa miji ya viwanda waliojitolea kuwa askari walikataliwa kwa udhaifu wa miili yao. Wakubwa wa Serikali walishtuka, wakaunda kamati, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1904 juu ya afya ya watu wa nchi. Mara nyingi katika historia maskini husaidiwa siku ile tajiri anapogundua kwamba anamhitaji.

Mwaka 1906 Bwana Jowett aliingia Bungeni, na katika mwaka huo mbunge mwenzake wa chama cha wafanya kazi, William Tyson Wilson, alipeleka muswada wa kuwalisha watoto shuleni. Ulipitishwa mwezi wa Desemba. Sheria hiyo haikumlazimisha mtu. Iliuruhusu mji, ukipenda, kutoza kodi ya ziada isiyozidi nusu peni kwa kila pauni moja ya thamani ya majengo yaliyotozwa kodi, ili kuwanunulia chakula watoto walioshindwa kusoma kwa sababu ya njaa. Pauni ya siku hizo ilikuwa na peni 240. Basi nusu peni ilikuwa sehemu moja katika 480. Hiyo ndiyo iliyobishaniwa miaka yote ile! Lakini sheria ilikuwa na kifungu kimoja cha heshima kubwa: baba ambaye mtoto wake alilishwa hakupoteza haki yake ya kupiga kura, kama alivyoipoteza maskini aliyepokea msaada wa kawaida wa serikali siku hizo. Mtoto aliweza kula bila baba kuvunjiwa utu wake.

Sasa tumefika kwenye mizani. Bradford haukutaka kutupa nusu peni yake gizani. Daktari wa shule, Ralph Crowley, na Bibi Marian Cuff, aliyesimamia mafunzo ya upishi katika shule za mji, walichagua watoto 40 katika wale waliokuwa maskini kabisa. Kuanzia Aprili hadi Julai mwaka 1907 watoto hao walipewa kifungua kinywa na chakula cha mchana siku za shule. Watoto wengine wa hali iyo hiyo walipimwa uzito tu bila kulishwa, ili wawe kipimo cha kulinganisha. Utaona kwamba hiyo ndiyo njia ya sayansi unayofundishwa katika maabara, ila hapa kilichopimwa kilikuwa ni haki.

Kifungua kinywa kilikuwa uji mzito wa oti, wenye maziwa na asali nyeusi ya miwa, kisha mkate uliopakwa mafuta, na maziwa ya kunywa. Siku ya kwanza watoto 13 waliukataa ule uji. Hawakuuzoea; wengi walikuwa wamelelewa kwa mkate na chai. Siku ya pili waliokataa walikuwa 2 tu, na baada ya hapo wote waliula kwa furaha. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, na juu yake yakawekwa maua. Wasichana wakubwa waliwagawia wadogo chakula. Siku chache za kwanza vile vitambaa vilichafuka vibaya, kwa sababu ya hali ya nguo na mikono ya watoto, na mtu mwenye haraka angesema, "Viondoeni, hawa hawajui vitambaa." Havikuondolewa. Daktari na Bibi Cuff waliona kwamba meza safi ni sehemu ya mafunzo, na ya kwamba mtoto akiwekewa maua hutambua kuwa anangojewa. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa na thamani sawa na uji wenyewe.

Na mizani ilisemaje? Watoto waliolishwa waliongezeka uzito kuliko wenzao. Walimu waliwaona wakichangamka. Lakini palikuwa na jambo la pili katika kitabu cha Daktari Crowley, ambalo hakulitafuta. Katikati ya majaribio shule zilifungwa kwa likizo ya Pentekoste, na chakula kikakoma. Watoto waliporudi wakapanda tena juu ya mizani, walikuwa wamepungua. Mstari uliokuwa ukipanda katika mchoro wake ulianguka, kisha ukaanza kupanda tena meza zilipotandikwa. Hapakuwa na hotuba iliyoweza kueleza zaidi ya mstari huo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mji ulifungua jiko kubwa katika shule ya Green Lane, chakula kikapikwa hapo na kuchukuliwa kikiwa cha moto mpaka vyumba vya kulia vya mitaa mbalimbali.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1914 Bunge liliondoa kikomo cha nusu peni na kuruhusu watoto walishwe hata siku za likizo. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 iliyafanya yaliyokuwa hiari kuwa wajibu wa kila mamlaka ya elimu. Mwaka 1967 kamati iliyoongozwa na Bibi Bridget Plowden ilishauri kwamba shule za mitaa ya dhiki zipewe si sawa na nyingine, bali zaidi ya nyingine. Na Serikali ikatenga pauni milioni 16 za kujenga shule za mitaa hiyo, na walimu wake wakaongezewa mshahara wa pauni 75 kwa mwaka. Shauri lilikuwa jema, ila lilikuwa na kasoro. Fedha ilipewa mtaa, wala si mtoto. Na ilikuja kuonekana kwamba watoto wengi maskini walikaa nje ya mipaka ya mitaa iliyochaguliwa, na ndani ya mipaka hiyo walikaa wengi wasiokuwa na shida. Mwenye kuchora ramani hakai juu ya mizani.

Nawe wa Kenya walijua jambo hili kwa upande mwingine. Muulize mzazi wako habari za maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979. Tena mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure, Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, kiasi kimoja kwa mtoto wa Turkana na kwa mtoto wa Nairobi. Usawa wa namna hiyo wapendeza katika hesabu. Lakini wawili wakipewa viatu vya kipimo kimoja, mmoja huenda akabaki bila kiatu.

Turudi Uingereza. Mwezi wa Aprili mwaka 2011 Serikali ya huko ilianza kuzipa shule fedha za ziada zilizohesabiwa kwa kichwa cha kila mtoto maskini. Ilihitaji kipimo cha kumjua maskini ni nani. Je, unafikiri ilichagua kipimo gani? Ni chakula cha bure cha shuleni. Mtoto ambaye jina lake limeandikwa kuwa anastahili chakula hicho aliiletea shule yake pauni 488 katika mwaka wa kwanza. Mwaka 2012 hesabu ilipanuliwa ikawaingiza wote waliopata kuandikishwa katika miaka sita iliyotangulia, na kufikia mwaka 2014 kiasi cha shule za msingi kilikuwa pauni 1,300. Ikiwa shule ya msingi ilikuwa na watoto 200 wakati huo, na 60 kati yao walikuwa wameandikishwa, basi ilipata pauni 78,000 kwa mwaka. Kanuni ya Bwana Lowe ilikuwa imepinduliwa: yule aliyekuwa hasara kwa shule yake sasa aliiletea fedha.

Mwalimu mkuu hufanya nini na fedha hizo? Katika shule ya msingi hutumiwa kumweka mwalimu na kikundi kidogo cha watoto waliochelewa kusoma. Kuwafundisha wadogo kabisa maneno na mazungumzo, maana wengi huingia shuleni na msamiati mdogo kuliko wenzao. Kufungua chumba cha kifungua kinywa kabla ya kengele. Kumtuma mtu nyumbani kwa mtoto asiyehudhuria. Na kulipia safari au sare ambayo mzazi hawezi kuinunua. Yote hayo ni mema. Lakini fedha ikisha kuingia katika mfuko mmoja na nyingine, haina alama. Mwezi wa Septemba mwaka 2012 idara ya ukaguzi wa shule ilitoa taarifa yake baada ya kuwauliza wakuu wa shule, na ni mmoja tu katika kila kumi aliyesema kwamba fedha hizo zilibadili sana namna alivyowasaidia watoto maskini. Wengine wengi walikuwa wamezitumia kuendeleza yale yaliyokuwapo.

Wala hawakuwa wezi. Shule yenye paa linalovuja na mwalimu ambaye mshahara wake hauna fungu huziba tundu lililo karibu. Hata hivyo mtoto aliyeleta zile fedha alibaki amekaa pale pale, nyuma ya darasa. Kwa hiyo Serikali iliziagiza shule zitangaze hadharani, kila mwaka, zimetumia fedha hizo kwa kazi gani na matokeo yake yalikuwa nini. Wachunguzi nao walipima, na baadhi ya waliyoyakuta yaliwashangaza walimu. Msaidizi wa mwalimu akiwekwa tu darasani kando ya mtoto dhaifu, bila mafunzo, mtoto hafaidi sana, kwa sababu hutengwa na mwalimu wake na kuachiwa yule ajuaye kidogo zaidi. Msaidizi huyo huyo akifundishwa vema kuongoza kikundi kidogo kwa mpango maalumu, watoto huendelea. Mshahara ni ule ule, na mtoto ni yule yule.

Kuna kisa kimoja ambacho kingemchekesha na kumhuzunisha Bibi McMillan kwa pamoja. Mwezi wa Septemba mwaka 2014 Serikali iliamua kwamba watoto wote wa madarasa matatu ya mwanzo wapewe chakula cha mchana bure, maskini na tajiri. Aibu ikaondoka mezani, kwa kuwa hakuna aliyejua nani amelipiwa. Lakini wazazi maskini wakaona hapana haja tena ya kujaza fomu, kwa maana mtoto anakula. Na asiyejaza fomu hakuhesabiwa. Na shule ya mtoto asiyehesabiwa haikupata zile fedha za ziada. Walimu wakuu wakaanza kuwaandikia wazazi barua za kuwasihi wajaze fomu ya chakula ambacho mtoto alikuwa amekwisha kula.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizifunga shule za Uingereza kwa watoto walio wengi. Wale waliokuwa wakila bure shuleni wakapewa hati za kununulia chakula, za pauni 15 kwa juma. Likizo ndefu ya kiangazi ilipokaribia, Serikali ilisema kwamba hati hizo zitakoma, kwa kuwa likizo ni likizo. Mchezaji wa mpira wa Manchester United, Marcus Rashford, ambaye mwenyewe alikula chakula cha bure alipokuwa mtoto wa shule, aliwaandikia wabunge wote barua ya wazi. Siku iliyofuata, tarehe 16 Juni, Serikali ilibadili uamuzi wake, ikatenga kama pauni milioni 120 kwa majuma sita, kwa watoto wapatao milioni 1.3. Ilikuwa imekwisha kupita miaka 113 tangu Daktari Crowley alipowapandisha watoto wake juu ya mizani baada ya likizo ya Pentekoste, akaandika kwamba wamepungua.